Mtani Ndani ya Kaburi: Uzee na Kifo Upande wa Kilimarondo

Kilimarondo iko magharibi mwa wilaya ya Nachingwea, katika nchi ambayo Wamwera, Wangindo, Wayao na Wamakua wamechanganyika kwa muda mrefu, wengi wakisukumwa huku na huko na vita, njaa na misafara ya karne ya 19. Anayetaka kujua watu wa nchi hiyo waliikabilije hofu ya kuzeeka na kufa asianzie kwenye mawaidha ya msikitini wala mahubiri ya kanisani, maana hayo yalikuja baadaye. Aanzie kwenye utani na urithi wa jina. Nashikilia kwamba mila hizi mbili ziliipunguza hofu bila kuahidi chochote kuhusu ahera. Zilimhakikishia mzee mambo mawili tu: kwamba yuko mtu ambaye ni lazima aje kumzika, na yuko mwingine ambaye ni lazima alichukue jina lake. Kilichotisha zaidi kuliko kukata roho ni kufa porini bila wa kukufunika, na jina likafia hapohapo.

Tuanze na mtani, kwa kuwa yeye ndiye anayeonekana. Msiba unapotokea, wafiwa huishiwa nguvu, na kazi huwaangukia watani: kupeleka habari, kuchimba kaburi, kuhimiza chakula. Lakini mtani hafanyi kazi hiyo kimya. Hushuka kaburini, akalala humo, akakataa kutoka mpaka apewe chochote. Huvaa nguo za marehemu, akashika mkongojo wake, akatembea alivyotembea na kukohoa alivyokohoa, na waliokuwa wakilia hujikuta wanacheka. Reginald Moreau, aliyekuwa mtafiti katika kituo cha utafiti cha Amani, aliandika kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika katika miaka ya 1940, na katika miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikusanya maelezo mengi zaidi. Asili ya utani mara nyingi huelezwa kuwa ni vita au safari. Wangoni, kwa mfano, ni watani wa makabila mengi waliyopigana nayo. Wavamizi wa Kingoni walioitwa Magwangwara waliishambulia Masasi mwaka 1882 na kuteka watu. Kwangu hili ndilo jambo zito kuliko yote katika historia hii: mjukuu wa aliyekuja kuua alipewa jembe achimbe kaburi, akapewa na ruhusa ya kulala ndani yake kabla ya mwenyewe. Kaburi ambalo mtu amelilalia, akatoka akidai hela, haliwezi tena kuwatisha watoto wanaotazama kama lilivyowatisha jana.

Wapo wanaouona mchezo huo kuwa ni kumvunjia heshima maiti. Pingamizi hilo lingekuwa na uzito kama angeruhusiwa kuufanya yeyote. Ndugu haruhusiwi, jirani haruhusiwi, na mpita njia akithubutu atapigwa. Ni haki ya mtani peke yake, tena huambatana na deni: siku msiba ukitokea kwake, wewe ndiwe utakayechimba. Mzee aliyewahi kuigiza vifo vya wengine alijua kikohozi chake nacho kitaigizwa, na alijua na nani.

Jina lilikwenda kwa njia ya kimya zaidi. Wayao, Wamwera na Wamakua walihesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo aliyesimama mahali pa marehemu kwa kawaida alikuwa mdogo wake au mtoto wa dada yake. Kwa Wayao, mrithi wa mkuu wa kijiji alilichukua jina lenyewe pamoja na nafasi yake katika ukoo, hata waliomwita marehemu mjomba wakamwita yeye mjomba, ingawa huenda ni kijana kwao. Kuzeeka katika mpango huo kulikuwa ni kukilinda kiti ambacho mwenzako atakikalia. Mzee alikuwa na kazi mpaka mwisho: kumfundisha mpwa mipaka ya mashamba, madeni, na makaburi ya kutambikia.

Hapa msomaji ataniuliza: kama hofu ilikuwa imeshindwa, mbona mwaka 1905 watu wa nchi hizi walikunywa maji ili risasi zisiwaingie? Swali ni la haki. Boma la Liwale, jirani wa kaskazini, liliangushwa na wapiganaji wa vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani Agosti ya mwaka huo. Lakini masimulizi yaliyokusanywa na Gilbert Gwassa yanaonyesha kwamba Kinjikitile, mganga wa Ngarambe aliyeyatoa maji hayo, hakuhubiri dawa peke yake. Alisema mababu waliokufa watarudi. Ahadi hiyo iliwaingia watu waliokwisha kuzoea kuwaona wafu kuwa karibu. Kilichowavunja kilikuja baada ya risasi. Wajerumani walichoma mazao, na njaa ikafuata; kwa makadirio ya Gwassa, waliokufa wote kusini walifika kati ya 250,000 na 300,000. Katika kifo cha namna hiyo mtani naye amelala, na mpwa ametangulia. Sishangai kwamba mwaka 1908 barua iliyodaiwa kutoka kwa mlinzi wa kaburi la Mtume, ikionya kwamba Kiyama kimekaribia, ilisambaa kuanzia Lindi, na kwamba Uislamu ulienea vijijini kwa kasi miaka hiyo. Hofu ilikuwa imerudi kwa sababu wazikaji walikuwa wamekwisha.

Pingamizi moja silimalizi. Uzee huohuo uliopewa kiti ulishukiwa uchawi, hasa uzee wa wanawake, na waganga wa kufichua wachawi walizunguka kusini kizazi baada ya kizazi. Mmoja wao, Nguvumali, alipata sifa hadi Hasani bin Ismail akamtungia utenzi, uliochapishwa mwaka 1968. Mila iliyojibu swali la nani atamzika mzee haikujibu swali la nani alaumiwe kijana akitangulia, na mara nyingi jibu lililotolewa lilikuwa bibi anayeishi peke yake. Hata hivyo bibi huyo alipokufa, mtani alikuja, akashuka kaburini, akalala.