Tamthilia za wanafunzi: Kalamu ya Makerere na majukwaa ya Bungoma na Kitale

BUNGOMA na Kitale ni miji jirani. Umbali kati yake haufiki kilomita 100, na Kibukusu husikika katika masoko ya miji yote miwili. Hata hivyo, katika mashindano ya kitaifa ya drama, majirani hawa hawawezi kukutana ila kwenye fainali. Shule na vyuo vya Bungoma hushindana katika kanda ya Magharibi pamoja na vya Kakamega, Busia na Vihiga, ilhali Kitale, makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, imo katika kanda ya Bonde la Ufa.

Pande zote mbili msimu huwa wa namna moja. Bwalo la chakula hugeuzwa ukumbi wa maonyesho, meza zikasukumwa ukutani, mashuka yakawa mapazia na maleba yakaazimwa vijijini. Hadhira hutaka kujua ni nani atakayesonga mbele hadi kiwango kinachofuata. Ni nadra mtu kuuliza mchezo uliochezwa umeandikwa na nani, ingawa swali hilo ndilo lililobeba historia yote ya tamthilia ya mwanafunzi katika Afrika Mashariki.

Mashindano ya drama ya shule nchini Kenya yalianza mwaka 1959, wakati wa ukoloni. Lugha yake ilikuwa Kiingereza, walioyasimamia walikuwa Waingereza, na michezo mingi ilitoka kwao, Shakespeare akiwa mbele. Fainali zilifanyika Nairobi katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho, uliofunguliwa mwaka 1952. Mwanafunzi Mwafrika alipewa nafasi ya kuigiza kwa ufasaha maneno ya watu wengine. Kuandika maneno yake mwenyewe lilikuwa jambo jingine kabisa.

Nafasi hiyo ilipatikana kwanza ng'ambo ya mpaka, katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Mabweni ya chuo hicho yalikuwa yakishindana kwa michezo mifupi, na mwanafunzi aliruhusiwa kuleta mchezo alioutunga mwenyewe. Miongoni mwa waliojitosa mwanzoni mwa miaka ya 1960 ni Mkenya aliyeitwa wakati huo James Ngugi, ambaye baadaye alijulikana ulimwenguni kama Ngugi wa Thiong'o na kufariki Mei 2025. Aliyaandikia mashindano hayo 'The Rebels' na 'The Wound in the Heart'.

Mchezo huu wa pili unamhusu mpiganaji wa Mau Mau anayerejea kutoka kizuizini na kukuta mkewe amenajisiwa na afisa Mzungu. Ngugi amesimulia katika kumbukumbu zake kuwa ulikataliwa kuonyeshwa katika ukumbi wa kitaifa wa Kampala, kwa hoja kwamba afisa Mwingereza hawezi kutenda kitendo kama hicho. Bwenini mchezo ulikubalika, mjini haukukubalika. Tangu hapo imekuwa kawaida: mchezo wa mwanafunzi haumtishi mtu hadi utakapotoka nje ya lango la chuo.

Novemba 1962, wiki chache baada ya Uganda kujipatia uhuru, wanafunzi wa Makerere walicheza 'The Black Hermit' katika ukumbi uo huo wa kitaifa. Mtunzi alikuwa yule yule, bado akiwa mwanafunzi. Mchezo ulikuwa mrefu, ukamweka jukwaani kijana msomi aliyekimbilia mjini ili kuepuka madai ya kabila lake.

Mwaka 1965, chini ya mhadhiri David Cook, Makerere ilianzisha kundi la maonyesho lililosafiri na kuigiza bila kiingilio nchini Uganda na Kenya. Michezo yake haikuwa ya Kiingereza pekee. Kiswahili na lugha nyingine za Afrika Mashariki pia zilitumika. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifuata mkondo huo mwaka 1974 kwa kundi lake la kusafiri, ambalo miongoni mwa walioliongoza ni mwandishi wa Uganda John Ruganda, mtunzi wa 'The Burdens' na 'The Floods'. Kwa wakazi wa miji isiyo na jumba la maonyesho, makundi ya aina hii ndiyo yaliyokuwa jumba lenyewe. Gari lilifika, jukwaa likasimamishwa uwanjani, na watu wakatazama bila kutoa senti.

Magharibi mwa Kenya ilitoa mapema mtu wake wa kuonyesha kwamba mwanafunzi anaweza kuandika. Francis Imbuga, aliyezaliwa katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Vihiga, alianza kutunga angali mwanafunzi wa shule ya upili ya Alliance, kisha akaendelea alipoingia Chuo Kikuu cha Nairobi. 'The Fourth Trial' na 'Kisses of Fate' zilichapishwa mwaka 1972 akiwa bado chuoni. 'Betrayal in the City' ilifuata mwaka 1976, na mwaka uliofuata ikawa mmoja wa michezo iliyoiwakilisha Kenya katika tamasha la sanaa za Waafrika jijini Lagos, Nigeria.

Vizazi vya watahiniwa wa kidato cha nne vimesoma kitabu hicho, lakini sehemu moja yake hupitwa haraka mno darasani. Jusper, mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye nduguye ameuawa kwa risasi katika maandamano, ameandika mchezo. Kiongozi wa nchi ya kigeni anatarajiwa, serikali inataka burudani, na fedha za mashindano ya uandishi zimetengwa. Afisa Tumbo anaona hakuna haja ya kujisumbua. Mchezo wa Jusper utatangazwa mshindi wa mashindano ambayo hayakufanyika. Imbuga, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mwanafunzi mtunzi, alijua kuwa udhibiti si njia pekee ya kuiharibu kalamu changa. Zawadi pia yaweza kufanya kazi hiyo, tena kwa makofi. Imbuga alifariki Novemba 2012.

Kwa upande wa Kiswahili, mfano mkubwa ulitoka Dar es Salaam. Ebrahim Hussein alitunga 'Kinjeketile' akiwa katika chuo kikuu cha huko, na ikachapishwa mwaka 1969. Tamthilia hiyo ya Vita vya Maji Maji ingali inasomwa kote Afrika Mashariki. Nchini Kenya mambo hayakuwa mepesi hivyo. Alamin Mazrui, mhadhiri chuoni Kenyatta, alitoa 'Kilio cha Haki' mwaka 1981 na mwaka uliofuata akawekwa kizuizini. Miaka mitano kabla ya hapo, Desemba 1977, Ngugi alikuwa amekamatwa baada ya mchezo wa Kikikuyu alioandika pamoja na Ngugi wa Mirii kupigwa marufuku Kamiriithu. Somo hilo halikuhitaji ufafanuzi kwa mwanafunzi wa miaka hiyo aliyekuwa na daftari chini ya mto.

Mashindano ya shule nayo yalibadilika. Usimamizi uliingia mikononi mwa Waafrika, fainali zikaanza kuzunguka nchini, na orodha ya vitengo ikapanuka. Leo yanashirikisha shule, vyuo na vyuo vikuu, na mbali na tamthilia kuna ngoma za ubunifu, mashairi, masimulizi, vichekesho na filamu. Miswada hukaguliwa kabla ya kupandishwa jukwaani. Ngazi huanzia kaunti ndogo, ikapanda hadi kaunti, kanda na taifa, na washindi wateule hualikwa kumchezea Rais.

Mafanikio haya yamekuja na gharama yake. Kadiri ushindi ulivyozidi kuletea shule jina, ndivyo kalamu ilivyozidi kumtoka mwanafunzi. Shule nyingi hutegemea mwalimu, au mwandishi wa nje anayelipwa kwa kazi hiyo. Mwanafunzi hukariri. Kwa kiasi fulani mambo yamerudi yalikokuwa mwaka 1959, tofauti ikiwa kwamba maneno anayokariri sasa yameandikwa na Mkenya.

Mifano miwili inayojulikana zaidi inatoka katika kanda ile ile ya Bungoma. Mwaka 2013, 'Shackles of Doom' ya shule ya wasichana ya Butere, Kaunti ya Kakamega, ilizuiwa kufika fainali kwa madai ya kuchochea ukabila. Mwanaharakati Okiya Omtatah, naye pia mtunzi wa tamthilia, alikwenda mahakamani, na Jaji David Majanja akaamuru mchezo uonyeshwe. Mwaka 2025 shule hiyo hiyo ilirudi na 'Echoes of War', juu ya vijana na utawala mbaya. Mahakama iliingilia kati tena. Aprili 10, jijini Nakuru, polisi walirusha vitoa machozi, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa kisha wakaondoka jukwaani bila kuigiza.

Michezo yote miwili iliandikwa na Cleophas Malala, ambaye wakati wa tukio la pili alikuwa amekwisha kuwa seneta na katibu mkuu wa chama tawala cha UDA na kuziacha nyadhifa hizo. Haki ya wasichana wale kuigiza haipungui kwa sababu hiyo. Lakini katika mjadala mzima wa kitaifa, kila upande ulizungumza kuhusu Malala, na hakuna aliyeuliza wasichana wenyewe wangeandika nini.

Ndiyo sababu macho ya wapenda tamthilia yanapaswa kuelekea vyuoni. Masinde Muliro, Kakamega, chuo kinachobeba jina la mwanasiasa mzaliwa wa Bungoma aliyejijengea ngome Kitale, kilikuwa mlezi wa Kibabii, Bungoma. Kibabii ilianza mwaka 2011 kama chuo kishiriki chake na kupata hati yake mwaka 2015. Kitale kuna taasisi ya kitaifa ya mafunzo anuwai. Mwanafunzi wa kiwango hiki ni mtu mzima, amepiga kura, na hahitaji mwalimu wa kumshikia kalamu.

Naye hakosi la kuandika. Wabukusu wana 'kumuse', hotuba inayotolewa baada ya mazishi ya mzee wa heshima. Msemaji wake, 'omuswali', hutembea mbele ya umati huku na huku akiwa na fimbo mkononi, akaeleza chimbuko la koo, akaonya na kupatanisha, na hakuna anayethubutu kumkatiza. Jukwaa lipo, fanani yupo, hadhira ipo, maleba pia yapo. Tohara ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili haina budi kuhesabiwa pia: kijana akipiga njuga za 'chinyimba' huzunguka kwa jamaa kuwaalika, hufika kwa mjomba, na alfajiri hupakwa tope mtoni kabla ya kurejea nyumbani kukabili kisu.

Historia ya karibu ni nzito zaidi. Februari 1948 polisi wa kikoloni waliwapiga risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde huko Malakisi, watu 11 wakauawa. Kati ya mwaka 2006 na 2008 mgogoro wa ardhi wa Mlima Elgon uliwatoa maelfu makwao, wengine wakakimbilia Bungoma na Trans Nzoia, hadi jeshi lilipoingia Machi 2008. Watoto wa miaka hiyo ndio wamekuwa wakipita katika vyuo hivi.

Katika riwaya, ukanda huu umekwisha kupata msemaji. Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma aliyelelewa Trans Nzoia, alimleta shujaa wake Kongowea kutoka Tanga hadi Kitale katika 'Siku Njema' ya mwaka 1996, na wasomaji wasiowahi kukanyaga mji huo wakaufahamu. Walibora alifariki Aprili 2020. Riwaya ina bahati kwamba huanza maisha yake ikiwa kitabu. Mchezo wa mwanafunzi huanza katika karatasi za kunakiliwa, huishi wiki kadhaa za mashindano, na msimu ukiisha karatasi hubaki kabatini kwa mwalimu au hupotea.

Wachapishaji hawaoni soko nje ya orodha ya vitabu vya mtihani. Makundi ya waigizaji yanayozunguka shule za Bungoma na Kitale kwa ada huchukua njia hiyo hiyo: kwa nyakati mbalimbali yamekuwa yakicheza 'Kifo Kisimani', 'Mstahiki Meya', 'Kigogo' na 'Bembea ya Maisha', kwa kuwa mtihani ndio unaoleta hadhira.

Mtaala mpya umeleta badiliko moja. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walioingia sekondari pevu Januari 2026 wana mkondo wa sanaa na michezo, ambao maigizo na filamu ni mojawapo ya masomo yake. Kwa mara ya kwanza kijana wa Kimilili au Cherang'any anaweza kusomea na kutahiniwa sanaa ya jukwaa kama somo kamili, mradi shule yake iwe imechagua kulifundisha.