Uziwi wa Mafundi wa Boila
Kabla ya uchomeleaji wa umeme kuenea, mabamba ya boila, yaani tangi kubwa la chuma ambamo maji huchemshwa hadi yawe mvuke wa kuendeshea meli na mitambo, yaliunganishwa kwa ribiti, ambazo ni misumari minene iliyopashwa moto hadi kuiva, ikapitishwa tunduni na kugongwa kwa nyundo kutoka nje, huku fundi mwingine aliyejibanza ndani ya tangi akiizuia kwa chuma kizito isirudi nyuma. Aliyekuwa ndani ndiye aliyeumia zaidi, kwa kuwa kila pigo lilimrudia kutoka pande zote.

Madhara hayo hayakuwa siri. Tabibu wa Kiitalia Bernardino Ramazzini, katika toleo la 1713 la kitabu chake kuhusu maradhi ya wafanyakazi, alikwisha kueleza jinsi wafua shaba wa Venice walivyokuwa wakizeeka na uziwi kwa sababu ya nyundo zao. Lakini aliyeyapima kwa makini ni Thomas Barr, daktari wa masikio wa Glasgow, mji uliojaa karakana za meli kando ya mto Clyde. Mwaka 1886 Barr alitoa matokeo ya kuwapima mafundi wa boila 100, wasubu chuma 100 na wapeleka barua 100, akitumia saa ya mfukoni na kuangalia kila mmoja aliisikia ikigonga akiwa umbali gani. Uteuzi wa wapeleka barua ulikuwa wa busara kubwa, maana kazi yao haikuwa na kelele za kiwandani, na kwa hiyo hali ya mafundi haikuweza kusingiziwa umri wala maisha ya mjini peke yake. Kati ya mafundi wale wa boila, hakuna hata mmoja aliyekutwa na usikivu kamili, na wengi hawakuweza tena kufuata mahubiri kanisani au hotuba mkutanoni.

Miaka minne baadaye daktari wa masikio Johannes Habermann alichunguza sikio la fundi wa boila aliyefariki, akakuta kwamba uharibifu ulikuwa ndani ya koklea, mfereji uliojisokota kama gome la konokono, ambamo seli zenye vinyweleo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za neva. Seli hizi zikifa hazioti tena, na zinazotangulia kufa kwa kelele ni zile za sauti nyembamba, ambazo hubeba konsonanti nyingi. Ndiyo maana mtu wa namna hii husikia kwamba anasemeshwa bila kujua kama ametajiwa kata, kasa au kaka, naye huwadhania wenzake kuwa wanamumunya maneno, hadi polepole anaacha kwenda barazani.

Kilichohuzunisha zaidi ni ukimya wa sheria. Serikali ya Uingereza ilichapisha mwongozo wa kuwatahadharisha waajiri kuhusu kelele mwaka 1963, miaka 77 baada ya Barr, na mwaka 1984, katika kesi ya wafanyakazi wa karakana za meli, mahakama iliamua kuwa waajiri walipaswa kuchukua hatua kuanzia mwongozo huo ulipotoka. Usikivu uliopotea kabla ya hapo haukulipwa, ingawa ushahidi wake ulikuwa umechapishwa tangu zama za babu zao.

Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa katika kelele inayozidi wastani wa desibeli 90, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa zaidi ya saa 8 katika siku moja. Kanuni hizo zinamtazama mwenye kiwanda. Lakini huko Kamukunji, Nairobi, mafundi wa jua kali wanaofua masanduku, majiko na karai kwa nyundo kuanzia asubuhi hadi jioni wengi wao wamejiajiri, na wanaopaswa kununua vizibo vya masikio ni wao wenyewe.