Biti sita na mnara wa mlimani: historia ya simu za mkononi Kenya kupitia masafa

Mtu akieleza vile simu za mkononi zilivyoenea hapa kwetu, utasikia M-Pesa, utasikia kadi za kukwaruza za bei ndogo, utasikia jina la Michael Joseph. Sawa, hayo yote yamo. Lakini mimi kazi yangu ni kuandika programu, na nimezoea kuuliza mashine yenyewe inasemaje. Kwa hivyo leo tupitie historia hii kwa upande usiozungumzwa sana, yaani masafa ya redio. Hesabu zitakuwepo, ila ni za shule ya msingi, msikimbie.

Tuanze 1993. Shirika la Posta na Simu, KPTC, lilileta mtandao wa kwanza wa simu za mkononi nchini. Ulikuwa wa ETACS, teknolojia ya analogi iliyozaliwa Uingereza. Simu moja iligharimu takriban shilingi 250,000, na hadi kufikia 1999 wateja wa nchi nzima hawakuwa wamefika 20,000. Hatukuwa wa kwanza pia. Kampuni ya Telecel ya Miko Rwayitare ilikuwa imeanza huko Zaire tangu 1986, nayo ikiwa simu ya wakubwa.

Wengi hudhani analogi ilishindwa kwa sababu ilipoteza nafasi ya masafa. Si hivyo hasa. ETACS ilimpa kila mzungumzaji chaneli ya kilohezi 25. GSM hutumia chaneli ya kilohezi 200 inayogawanywa kwa zamu 8. Gawanya 200 kwa 8 uone: ni 25 zilezile! Faida ya GSM iko kwingine. Sauti ikishageuzwa kuwa namba inavumilia mwingiliano zaidi, kwa hivyo chaneli moja inaweza kurudiwa kwenye minara iliyo karibu. Analogi ilihitaji kuiruka mitaa mingi kabla ya kuirudia, la sivyo ungesikia mazungumzo ya mtu mwingine. Tena mtu yeyote mwenye redio inayofaa angeweza kukusikiliza.

Simu ya kwanza ya GSM ya kibiashara ilipigwa Ufini tarehe 1 Julai 1991. Kwa nini teknolojia ya Wazungu wa Ulaya ikawa yetu na si ile ya Wamarekani? Jibu moja liko kwenye ramani. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, limeigawa dunia katika kanda tatu za masafa, na Afrika imewekwa kanda moja na Ulaya. Ulaya ikachagua megahezi 900, baadaye 1800. Amerika ikabaki na 850 na 1900. Viwanda vikatengeneza simu za 900 kwa mamilioni, bei ikashuka, na sisi tukanunua kwa bei hiyo iliyoshuka. Nokia 1100 iliyotoka 2003 iliuzwa zaidi ya nakala milioni 250 duniani.

Upande wa pili wa sarafu niliuona nikiwa mtoto. Mjomba alirudi kutoka Marekani na simu nzuri ya kukunja, ikatiwa laini ya hapa, ikatafuta mtandao mpaka betri ikaisha. Fundi wa mtaani alisema "imefungwa". Haikuwa imefungwa. Ilikuwa ya 850 na 1900, na hapakuwa na mnara hata mmoja hapa wa kuzungumza nayo. Tukaibadilisha kuwa saa ya mezani.

Mwaka 1999 KPTC ilivunjwa, tukapata Telkom Kenya, Posta na msimamizi wa mawasiliano, CCK. Mwaka 2000 Vodafone ikachukua asilimia 40 ya Safaricom, na Kencell ikaingia sokoni. Leseni ya GSM ilikuwa dola milioni 55. Pesa hizo zote kwa ajili ya nini? Bendi ya GSM 900 ina megahezi 25 za kwenda na 25 za kurudi, yaani chaneli 124. Tuseme kwa mfano unazigawa kwa kampuni nne, kila moja ipate 31. Kila kampuni nayo lazima izitawanye ili majirani wasiingiliane, tuseme katika makundi 12. Kila upande wa mnara unabaki na chaneli mbili au tatu. Chaneli mbili ni zamu 16, moja au mbili ni za mtambo wenyewe, zinabaki kama watu 14 wanaoongea kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kampuni iliyokuja mwisho ilipata taabu, na ndiyo maana mijini walikimbilia 1800 ambako kuna chaneli 374. Econet ilipata leseni mapema lakini ilianza kutoa huduma mwishoni mwa 2008, kwa jina la yu, na 2014 ikauzwa vipande vipande.

Sasa tuondoke mjini, kwa sababu hapa ndipo mambo yanapouma.

Katika GSM kila simu ina zamu yake ya kutuma, na zamu ni fupi mno. Aliye mbali na mnara sauti yake ingechelewa njiani na kuangukia zamu ya mwenzake. Kwa hivyo mnara humwambia, "wewe anza mapema kidogo". Kiasi cha kuwahi huandikwa kwa biti 6, yaani namba kutoka 0 hadi 63. Kila hatua ni kama mita 550. Zidisha 550 kwa 64: kilomita 35. Ukivuka hapo hakuna namba ya kukueleza. Unaweza kuwa kwenye tambarare la Chalbi, unauona mlima wenye mnara kwa macho, simu inaonyesha vijiti vya mtandao, na bado haipigi.

Kwa waliokaa Helsinki au London wakibuni, kilomita 35 zilikuwa nyingi kupita kiasi. Huko minara ingesongamana hata hivyo. Siwalaumu, mimi pia ningebana biti. Lakini mfugaji anayehama na ngamia hakuwa kwenye kikao hicho. Baadaye ilipatikana njia ya kurefusha umbali kwa kumpa kila mtu zamu mbili, ambayo inapunguza nusu ya wanaoweza kuongea. Kwenye eneo lenye watu wachache hilo si tatizo. Tatizo ni nani atalipia mnara, dizeli na mlinzi kwa ajili ya wateja wachache hao.

CDMA haikuwa na kikomo hicho cha zamu, na kwa mashambani ilikuwa na sifa nzuri. Telkom Kenya, iliyokuwa ikiibiwa nyaya za shaba kila kukicha, iliuza simu za CDMA kabla ya kuja na GSM kwa jina la Orange Septemba 2008. Mbona haikushika? Mwezi Machi 2007 M-Pesa ilizinduliwa, na menyu yake iliishi ndani ya laini ya GSM. Simu nyingi za CDMA hazikuwa na laini ya kutoa wala kutia. Aliyenunua CDMA alibaki na simu isiyotuma pesa, isiyobadilishwa kwa fundi, na isiyo na ya kuazima kwa jirani. Kwa maoni yangu hapo ndipo shindano liliisha, haijalishi wahandisi walisema nini.

3G nitaipitia haraka. Safaricom ililipa dola milioni 25 mwaka 2007 kwa leseni ya megahezi 2100, wapinzani wakalalamika, na 2010 ada ikashushwa hadi milioni 10. Fizikia haikushusha chochote. Hewani tu, 2100 inapoteza takriban desibeli 7 zaidi ya 900 kwa umbali uleule, yaani nguvu inayofika ni chini ya moja ya tano, bado hujagusa kuta. Intaneti ya kasi ikabaki ya mjini kwa miaka.

Masafa ya chini yenye kusafiri mbali yalikuwa yamekaliwa na televisheni. Mitambo ya analogi ilipozimwa 2015, kwa kelele nyingi na vituo vikubwa kutoonekana kwa karibu wiki tatu, nafasi ya 700 na 800 ikapatikana kwa 4G.

Ukitaka kujua uko wapi katika historia hii, simu nyingi za Android zikibonyezwa *#*#4636#*#* hufungua ukurasa wa majaribio. Ukiona LTE bendi ya 20, hiyo ni 800, masafa yaliyotolewa kwa TV. Bendi ya 3 ni 1800. Ukienda ushago ukakuta imeandikwa GSM peke yake, uko ndani ya zile kilomita 35.