Bamvua

Bamvua si mafuriko wala dhoruba. Ni maji makuu ya bahari: siku ambazo maji hujaa kupita kawaida, kisha yakapwa hadi mbali. Huja mara mbili kila mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa kuwa wakati huo jua na mwezi huivuta bahari kwa pamoja. Kati ya bamvua moja na jingine huwa maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana.

Neno hili linawahusu hata wanafunzi wa Nachingwea na Ruangwa, wilaya za Mkoa wa Lindi zisizogusa bahari. Darasa la jiografia likishuka Lindi mjini kupima mwinamo wa ufukwe, kazi huanzia ukingoni mwa maji yaliyopwa. Wawili husimamisha mifito yenye mabaka mekundu na meupe. Wa tatu huweka kipimapembe jichoni, akalenga alama ya mfito wa mbele iliyo sawa na kimo cha jicho lake. Wa nne huandika umbali na nyuzi. Kila mchanga unapobadili mwinamo, mifito husogezwa.

Siku ya bamvua, maji yakipwa, ufukwe hufunuka wote. Siku ya maji mafu, sehemu ya chini hubaki majini, na mchoro wa darasa hutoka nusu.

Basi walimu, kabla ya kukodi gari, tazameni mwezi, kisha mwulizeni mvuvi: bamvua lini?