Singo Mwilini: Historia ya Manukato ya Pwani Katika Maneno Yake

Singo ya Zanzibar huchanganya viungo, maua na miti: karafuu, asumini, mlangilangi, waridi na mrihani, pamoja na liwa au sandali, vikasagwa na kulainishwa kwa marashi. Bibi arusi husingwa kwayo kabla ya harusi yake, na harufu yake haisikiki yote kwa mkupuo mmoja. Marashi hutangulia na kutoweka upesi, kwa kuwa joto la ngozi huyarusha mapema. Hufuata karafuu, ambayo ukali wake watokana na eujenoli, kemikali iliyo sehemu kubwa ya mafuta yake; na ukali huo ukipoa, asumini na mlangilangi hujitokeza wazi. Mwisho hubaki mti. Chembe za sandali ni nzito, huachana na ngozi shingo upande, na asubuhi bado zimo.

Mwenye kuitafuta historia ya harufu hii aghalabu huanza na majina, nayo majina humpeleka ng'ambo. Karafuu na udi ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Sandali limepitia Kiarabu, lakini chimbuko lake ni Kisanskriti. Asumini ni la Kiajemi. Marashi hutokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kunyunyiza. Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikaribishwa kwa tambuu na kumiminiwa marashi ya Dameski. Kwa ushahidi wa namna hii, ni rahisi kuhitimisha kwamba watu wa pwani waliupokea umaridadi wao ukiwa tayari umeshatengenezwa.

Hitimisho hilo lina kasoro mbili. Kwanza, pwani haikuwa mpokeaji tu: katika karne ya 10 al-Mas'udi aliisifu ambari ya pwani ya Zanj, na ambari ilikuwa miongoni mwa manukato ya thamani kubwa. Pili, na hili ndilo zito zaidi kwa mwanaisimu, nomino si lugha nzima. Vitenzi vya kazi yenyewe vina sura nyingine kabisa. Liwa husuguliwa juu ya msio, mwili husingwa, nguo hufukizwa juu ya chetezo. Fukiza ni zao la fuka, kwa viambishi vya Kibantu visivyo na mashaka. Ni kweli kwamba rashia ni kitenzi cha mkopo, lakini nacho kimevishwa kauli ya kutendea kama wenzake. Kilichokuja kwa jahazi kilikuwa bidhaa pamoja na jina lake. Namna ya kuitumia ilielezwa kwa lugha ya wenyeji.

Nuka na nukia ni mfano mwingine. Katika matumizi ya leo, kinachonuka kina uvundo, na kinachonukia kinapendeza. Tofauti yote imebebwa na kauli ya kutendea, ambayo kwa kawaida humwingiza mtendewa katika tendo. Huenda kunukia kulikuwa, kwa asili, kumnukia mtu fulani. Hoja hiyo isivutwe mno, kwani ua hunukia hata pasipo wa kulisikia.

Karafuu ina historia yake ya pekee. Ilijulikana katika biashara ya Bahari ya Hindi karne nyingi kabla mikarafuu haijapandwa Zanzibar. Miche ililetwa mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Maskarini. Mashamba yalikuzwa kwa jasho la watumwa, na hadhi ya kisheria ya utumwa haikufutwa Zanzibar hadi mwaka 1897. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika na kuwa kitovu cha zao hilo. Kwa hiyo harufu iliyolainisha ngozi ya bibi arusi wa mjini ilichumwa na mikono ambayo kumbukumbu za makasri hazikuitaja kwa majina.

Msamiati wa mashambani nao haukupata nafasi kubwa katika maandishi kama ule wa nyumba za wakubwa. Karafuu ikishachambuliwa, vikonyo vinavyobaki huitwa makonyo. Huko Wawi, Pemba, makonyo hayo hayatupwi: hukamuliwa mafuta kiwandani kwa mvuke, na mafuta hayo, kama yale ya karafuu zenyewe, yamejaa eujenoli.