Steringi Hafi

Katika banda la video la Mugumu nilikokulia kulikuwa na sheria moja: steringi hafi. Apigwe risasi, atupwe baharini, afungiwe kwenye gari linaloungua, wewe tulia tu, atatoka. Aliyeanza kulia mapema alichekwa wiki nzima.

Ndiyo maana siku mwenye banda alipoweka ile diski ya sinema nyingi kwa moja, yenye picha ya James Bond juu ya kava, tulivurugana. Sinema ya kwanza steringi alikuwa Sean Connery. Ya pili, Roger Moore. Ya tatu, Pierce Brosnan. Jina lile lile, namba ile ile, 007, lakini mtu mwingine kabisa.

"Huyu siye!" tulipiga kelele, tukidai mia mbili zetu.

Mwenye banda hakugeuka hata kututazama. "Huyu ni jasusi. Jasusi anabaki vipi na sura moja?"

Tukanyamaza. Lilikuwa jibu zuri, na kwa miaka mingi niliamini ndivyo ilivyo.

Watazamaji wa London walipata muda wa kuzoea. Sisi tulibadilishiwa watu watatu katika Jumapili moja. Connery alianza na Dr. No mwaka 1962, akacheza filamu tano, akachoka. Mwaka 1969 nafasi akapewa George Lazenby, Mwaustralia, mwanamitindo wa matangazo ambaye hakuwa amewahi kubeba filamu. Alicheza moja tu, akaondoka. Mwaka 1971 watayarishaji wakarudi kumbembeleza Connery kwa fedha nyingi. Kisha, 1973, akaja Roger Moore.

Miaka hiyo minne naiona mizito kuliko yote katika historia ya mfululizo huu. Kabla yake hakuna aliyejua kama Bond ni Connery mwenyewe, au ni kiti ambacho Connery alikuwa amekikalia kwa muda. Lazenby alionekana kuthibitisha la kwanza. Moore akathibitisha la pili, kwa sababu hakujaribu kumwiga mtu: alileta utani wake, akadumu filamu saba. Waliofuata, Timothy Dalton, Brosnan, na Daniel Craig ambaye magazeti ya Uingereza yalimsema kabla filamu yake ya 2006 haijatoka, eti nywele zake si nyeusi, wote walikuta kiti tayari.

Hata jina lenyewe liliazimwa. Ian Fleming alilichukua kwa mtaalamu wa ndege, Mmarekani, aliyeandika kitabu kuhusu ndege wa visiwa vya Karibiani.

Jioni ile ya ugomvi tuliendelea kubishana hadi nyumbani. Babu, ambaye hakuwahi kuingia bandani, alitusikiliza akauliza, "Sasa mnabishana nini? Jina ni la nyumba."

Akatueleza habari za amakora, vizazi vya Wakurya. Mtoto wa Abasaai ni Mnyamburiti, wa Mnyamburiti ni Mgamunyeri, wa Mgamunyeri ni Mmaina, na mtoto wa Mmaina ni Msaai tena. Watu wanaondoka, jina linazunguka na kurudi. Upande wa pili nao una majina yake manne yanayozunguka vivyo hivyo. Kwake, watu sita kushika jina moja halikuwa fumbo hata kidogo. Kilichomshangaza ni kingine: "Na huyo anayempa mwingine jina, ni mzee wa ukoo gani?"

Sikuwa na jibu. Baadaye nilijua ni familia ya Broccoli, ambayo mkono wake ulikuwa katika filamu hizi tangu ile ya kwanza, na ambayo Februari 2025 ilikubali maamuzi ya ubunifu yahamie Amazon. Babu angeguna.

Baba mdogo, aliyenipeleka bandani mara ya kwanza, alifariki kwa ajali ya pikipiki kwenye barabara ya Tarime. Mwaka uliofuata, 2021, shangazi alijifungua mtoto wa kiume akapewa jina lake. Bibi humkaripia yule mtoto kama mtu anayemjua zamani: "Umerudi na ubishi wako ule ule." Mimi nilishindwa kumwita. Kwa miezi nilisema "mtoto" tu, kwa sababu kila nilipofungua mdomo niliona sura nyingine.

Mwaka huo huo ilitoka No Time to Die. Niliitazama kwenye simu, hostel, usiku. Craig akafa. Si kujeruhiwa, si kupotea: makombora yalimwangukia kisiwani, na filamu ikaendelea bila yeye. Nilikaa nimeshika simu, nikisubiri atoke. Majina yote yakapita, hadi ya wapishi na madereva, ndipo maandishi ya mwisho yakatangaza kwamba James Bond atarudi.

Likizo nilipofika nyumbani mtoto alikuwa amelala mgongoni kwa shangazi. Bibi akamwamsha ili anisalimie, akamtaja kwa jina. Na mimi nikamwita.