Mabruki bin Nani?

Huku Ngong na Kitengela tunajua habari ya taito. Ploti ya futi 50 kwa 100 ikitajwa tu, swali la kwanza ni karatasi iko wapi. Kwa hivyo nilipoanza kusoma juu ya mashamba ya watumwa ya Malindi, lugha sikuiona ngeni: hati za mauzo, rehani, wosia, mipaka ya shamba kwa majina ya majirani.

Malindi ilifufuka kwenye miaka ya 1860, Sultani Majid wa Unguja alipoweka liwali na askari pale. Watumwa wakafyeka msitu, wakalima mtama na ufuta, nafaka ikapakiwa majahazini. Mmoja wa waliotajirika ni Salim bin Khalfan Al-Busaidi, liwali wa Malindi na baadaye Mombasa. Mwanawe, Ali bin Salim, naye akawa liwali, na Waingereza wakampa cheo cha Sir. Familia kama hiyo ni rahisi kuifuata. Jina lenyewe ni ramani: mtu, baba yake, ukoo wake. Frederick Cooper alizipekua rejista za hati za pwani akiandika kitabu chake cha 1977 kuhusu utumwa wa mashambani, na humo unaona nani aliuza, nani alikopa, nani aliweka shamba rehani.

Sasa mtafute Mabruki. Au Faraji, au Baraka. Majina ya heri, mengi yakitolewa na mabwana, na yanaishia hapo. Mabruki bin nani? Karatasi haina habari.

Mirathi ya Kiislamu ina hesabu kali: mke fungu la nane kama kuna watoto, mwana mara mbili ya binti, na wosia kwa asiye mrithi usizidi theluthi ya mali. Mtumwa alihesabiwa ndani ya mali hiyo, pamoja na minazi na ng'ombe. Ndiyo, wako walioachwa huru kwa wosia. Lakini aliyeachwa huru akifa bila jamaa wa kumrithi, mali yake ilirudi kwa bwana wa zamani au ukoo wake. Mimi huo uhuru nauona una kamba mguuni.

Halafu kuna masuria, na hapa ndipo hadithi ya familia inapogeuka. Mtoto wa suria, bwana akimkubali, alizaliwa huru na alirithi sawa na mtoto wa mke; mama mwenyewe akawa huru bwana akifa. Sayyid Said wa Unguja alipofariki mwaka 1856, watoto wote aliowaacha walikuwa wa masuria. Kumbe nusu ya ukoo wa bwana ni ukoo wa watumwa! Ila "bin" inapanda upande wa baba tu. Bibi aliyeletwa kutoka Nyasa anabaki nje ya mstari, hata kama mjukuu wake ndiye liwali.

Mara moja orodha iliwahi kuwa ndefu. Tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, watumwa 1,421 waliotoroka na kukimbilia misheni walipewa vyeti vya uhuru. George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza alikuwa amekubali kulipa dola 25 kwa kila kichwa. Pesa zilikwenda kwa mabwana. Mwaka 1907 serikali ilipofuta utumwa Kenya, fidia ilifuata njia ileile.

Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hati za ardhi ya pwani. Kila anayedai ardhi alete madai kwa msajili. Isiyodaiwa inakuwa ya serikali. Wenye jina refu walifika na karatasi zao, na mashahidi wao. Waliofyeka msitu ule wengi hawakuandikwa. Walibaki palepale wakilima mahindi na mihogo, na jina lao jipya likawa maskwota.